Muziki wa kantri: nani anachagua wimbo wa kukumbukwa, na nani anasahauliwa?

Wapenzi wa muziki wa kantri wana mabishano yao ambayo hayaishake. Mumoja anasema Kenny Rogers, Dolly Parton na Jim Reeves njo wakubwa, basi. Mwengine anatikisa kichwa: hao kila mutu anawajua, lakini Vern Gosdin je? Na Linda Martell? Na DeFord Bailey? Hapo kila mutu anatoa orodha yake ya nyimbo ambazo, kwa maoni yake, zilipashwa kuvuma na hazikuvuma.

Muziki huu ulizaliwa Marekani, lakini haukubakia kule. Jim Reeves alikwenda kuimba Afrika Kusini mbele ya kufa mu ajali ya ndege munamo mwaka 1964. Don Williams alifika kuimba Zimbabwe munamo mwaka 1997. Jirani zetu wa Kenya wana waimbaji wao wenyewe wa kantri, kama Elvis Otieno, anayejulikana kwa jina la Sir Elvis. Na huku mashariki ya Congo, mutu aliyezoea kufungua radio siku ya Yenga amekwisha kukutana na sauti za namna hiyo, hata kama hakujua muziki wenyewe unaitwa namna gani.

Lakini mutu akisema «mwimbaji huyu alisahauliwa», anasema neno kubwa. Wimbo haujisahau wenyewe. Kati ya mwimbaji na sikio la musikilizaji kuko mulango, na ku mulango kuko watu: mwenye kampuni ya diski, mwenye radio, mwenye kuhesabu. Kuelewa mulango huo kunasaidia kuelewa kwa nini mupenzi wa muziki mara nyingi ana haki ya kulalamika, na wakati gani hana haki.

Singo ni kitu gani, na kwa nini ina nguvu

Albamu ni mukusanyo wa nyimbo, tuseme kumi ao kumi na mbili. Singo ni wimbo mumoja ambao kampuni inautoa peke yake, ili radio ziupige na watu waununue. Kuanzia mwaka 1949, singo nyingi zilikuwa mu diski ndogo yenye tundu kubwa katikati, inayozunguka mara 45 kwa dakika. Upande wa kwanza, A, ulikuwa na wimbo ambao kampuni ilitaka uvume. Upande wa pili, B, uliwekwa wimbo wa kujaza nafasi tu.

Kwa hiyo mwimbaji angeweza kurekodi nyimbo kumi nzuri, lakini kama kampuni haikuchagua ule uliofaa, radio hazingeusikia hata siku moja. Na hata kampuni ikichagua vizuri, ilipashwa bado kutuma diski ku radio, kupigia simu wanaoendesha vipindi, kulipa safari na matangazo. Singo isiyosukumwa inakufa, hata ikiwa tamu.

Kisha kulikuja hesabu. Gazeti la Billboard lilianza kutoa orodha ya nyimbo za kantri munamo mwaka 1944. Mwanzoni lilihesabu diski zilizopigwa mu mashine za muziki, zile za kutia kichele mu manganda. Kisha liliongeza mauzo na radio. Kuanzia mwaka 1990 hadi mwaka 2012, orodha yao kubwa ya kantri ilihesabu radio peke yake. Maana yake, kwa zaidi ya miaka 22, wimbo ambao radio hazikuupiga ulikuwa sawa vile haupo, hata kama watu walikuwa wanaununua. Tangu mwaka 2012 wanachanganya radio, mauzo na watu wanaosikiliza kwa intaneti.

Mupenzi wa muziki anapashwa kukumbuka jambo hili: nafasi ya 1 ku orodha haisemi wimbo gani ni muzuri zaidi. Inasema wimbo gani ulipita ku mulango.

Rafu mbili za duka moja

Mulango wa kwanza ulijengwa zamani. Munamo mwaka 1927, mutu wa kampuni ya Victor, jina lake Ralph Peer, alikuja na mashine zake za kurekodi mu Bristol, muji ulio ku mupaka wa Tennessee na Virginia. Ndani ya siku chache tu alirekodi familia ya Carter na Jimmie Rodgers (tusimuchanganye na Kenny Rogers). Wengi wanasemaka pale njo kantri ilizaliwa.

Lakini nani alikuwa anapiga muziki huo mbele ya Bristol? Banjo, chombo ambacho watu wanaona kuwa cha wazungu wa milimani, asili yake ni Afrika. Watu waliochukuliwa utumwani walikuja na ufundi wa kutengeneza vyombo vya nyuzi vyenye ngozi, na kule Marekani vikawa banjo. Wazungu na weusi wa kusini mwa Marekani walikuwa wanajifunza nyimbo moja kwa mwengine, mu mashamba, mu reli na mu sikukuu.

Lakini makampuni yaliweka rafu mbili. Diski za weusi ziliandikwa kuwa muziki wa kabila lao, hata kama mutu alipiga fidla na banjo. Diski za wazungu maskini wa kusini zilipewa jina la watu wa vilimani. Muziki ulikuwa umechanganyika, lakini duka lilikuwa limegawanyika.

Mufano ni Lesley Riddle. Mweusi huyu, aliyepoteza muguu mumoja mu ajali ya kiwanda, alikuwa anatembea na A.P. Carter wa ile familia ya Carter kutafuta nyimbo za zamani. Carter aliandika maneno, Riddle alishika melodi mu kichwa. Familia ya Carter ikawa na jina kubwa. Jina la Riddle halikuandikwa ku diski. Mwengine ni Rufus Payne, mweusi wa Alabama aliyefundisha kijana Hank Williams kupiga gitare. Hank Williams aliitwa baba wa kantri ya kisasa. Payne alikufa munamo mwaka 1939, na hakuna diski hata moja yenye sauti yake. Kwa mutu kama huyo, hata mupenzi mukubwa hawezi kusema «sikiliza wimbo huu». Hakuna kitu cha kusikiliza.

DeFord Bailey: nyota ya radio aliyerudia kupangusa viatu

Kuko radio moja mu muji wa Nashville, WSM, iliyoanza munamo mwaka 1925. Kipindi chake cha siku ya Posho usiku, Grand Ole Opry, njo kanisa kubwa la kantri mpaka leo. Mumoja wa nyota zake za kwanza alikuwa DeFord Bailey, mweusi mufupi aliyezaliwa munamo mwaka 1899 na kuguswa na ugonjwa wa kupooza akiwa mutoto. Alikuwa anapiga armonika, chombo kidogo cha kupuliza kwa kinywa. Wimbo wake «Pan American Blues» uliiga mwendo wa gari la moshi, na kisha ya yeye kuupiga, usiku mumoja wa mwaka 1927, mutangazaji wa kipindi alikipa jina hilo la Grand Ole Opry. Kwa kifupi: jina la kipindi kikubwa kuliko vyote vya kantri lilizaliwa kisha ya mweusi kuondoa armonika ku midomo.

Watu walimupenda ku radio, lakini radio haionyeshi ngozi. Alipokuwa mu safari na wenzake wazungu, hoteli nyingi zilimukatalia chumba.

Munamo mwaka 1941 alifukuzwa. Sababu moja ilikuwa ya feza. Shirika lililokuwa linakusanya haki za watunga nyimbo liliongeza bei kwa radio. Radio zikakasirika, zikaunda shirika lao, na zikakataza nyimbo za lile la zamani. Nyimbo ambazo Bailey alijulikana nazo zilikuwa upande uliokatazwa, na alijikuta hana nafasi. Lakini ugomvi ule uliisha kisha ya miezi. Wenzake waliendelea, yeye hakurudishwa. Alifungua kibanda cha kupangusa viatu mu Nashville ileile, akaishi hivyo kwa miaka mingi. Alikufa munamo mwaka 1982. Munamo mwaka 2005, miaka 23 kisha ya kifo, jina lake liliwekwa mu nyumba ya heshima ya kantri.

Hapo njo neno «kusahauliwa» linakuwa na uzito. DeFord Bailey hakusahauliwa juu hakupendwa. Alitolewa ku radio, na mutu asiyesikika ku radio, kidogo kidogo, watu wanaacha kumuulizia.

Charley Pride na Linda Martell: mulango uleule, bahati mbalimbali

Watu wengine watajibu: kama rangi ya ngozi ilikuwa kizuizi, Charley Pride alipita namna gani? Ni swali zuri.

Charley Pride alizaliwa Mississippi munamo mwaka 1934. Alicheza beziboli, kisha akafanya kazi ku kiwanda cha kuyeyusha madini kule Montana, akiimba usiku. Munamo mwaka 1966, kampuni ya RCA ilitoa singo yake ya kwanza, «The Snakes Crawl at Night». Iliitoa bila picha. Radio zilipokea diski, zikasikia sauti ya kantri safi, zikaipiga. Alipoanza kutokea mbele ya watu wengi, makofi yaliweza kukatika gafla watu walipomuona. Alijifunza kuwachekesha kwa mzaha juu ya rangi yake, kisha anaimba, na watu wanashikwa. Alipata nyimbo 29 zilizofika nafasi ya 1 ku orodha ya kantri ya Billboard, na munamo mwaka 1971 chama cha kantri kilimupa tuzo la mwimbaji bora wa mwaka.

Linda Martell alikuja nyuma kidogo. Alizaliwa South Carolina munamo mwaka 1941. Munamo mwaka 1969 alitoa singo «Color Him Father», ikafika nafasi ya 22. Mwaka uleule akawa mwanamuke mweusi wa kwanza kuimba peke yake ku Grand Ole Opry. Albamu yake, «Color Me Country», ilitoka munamo mwaka 1970. Mambo yalikuwa yanaanza vizuri.

Lakini kampuni yake ilikuwa ndogo, na jina lake lenyewe lilikuwa linaumiza: Plantation, yaani shamba kubwa, neno ambalo kwa weusi wa Marekani linakumbusha utumwa. Mu salle, watu wengine walimutukana akiwa anaimba. Kwa maelezo ya Martell mwenyewe, mwenye kampuni aliweka nguvu zaidi kwa mwimbaji mwengine, muzungu, na yeye alipotaka kwenda kurekodi pengine, milango ilifungwa. Hakutoa albamu ya pili. Alirudia kwao, akafanya kazi mbalimbali, kati yazo kuendesha bisi ya wanafunzi.

Pride alikuwa na RCA, kampuni kubwa yenye mikono mirefu. Martell alikuwa na kampuni ndogo yenye mutu mumoja wa kuamua. Pride alikuwa mwanaume. Martell alikuwa mwanamuke na mweusi pamoja. Mulango ulikuwa mumoja, lakini kila mutu aliukuta umefunguliwa kipimo chake.

Hapa kuko kisa kingine cha upande wa B. «Color Him Father» haikuwa ya Martell mwanzoni. Iliimbwa kwanza na kikundi The Winstons, munamo mwaka 1969 vilevile. Ku upande wa pili wa diski yao waliweka wimbo wa kujaza nafasi, «Amen, Brother». Ndani yake mupiga ngoma, Gregory Coleman, alipiga peke yake kwa sekunde chache tu. Miaka mingi kisha, sekunde zile zilikatwa na kutiwa mu maelfu ya nyimbo za rap na za kucheza ulimwenguni mwote. Coleman alikufa munamo mwaka 2006 bila kupata haki yake. Mutu anaweza kusahauliwa hata wakati muziki wake unasikika kila siku.

Wimbo mumoja, bahati mbalimbali

Kwa mutu anayependa kubishana kuhusu singo, hakuna mufano muzuri kupita «Before the Next Teardrop Falls». Waimbaji mbalimbali waliujaribu tangu miaka ya mwisho ya 1960, na haukushika. Hata Charley Pride aliurekodi. Linda Martell aliutoa kama singo, ukafika nafasi ya 33 munamo mwaka 1970. Ulikuwa wimbo wa kutupwa, mutu angesema.

Munamo mwaka 1975 Freddy Fender, Mumarekani mwenye asili ya Mexico kutoka Texas, aliuimba tena. Mbele yake alikuwa amepita mu gereza kwa sababu ya bangi, kisha akarudia kutengeneza magari. Aliongeza sehemu mu Kispanyola, luga ya nyumbani kwao. Wimbo ulifika nafasi ya 1 ku orodha ya kantri, na tena nafasi ya 1 ku orodha ya nyimbo zote za Marekani.

Tuseme nini? Kwamba Fender aliimba vizuri kuliko Martell? Mupenzi anaweza kuwa na maoni yake, na anaweza kusikiliza zote mbili mara mbili tatu na kuchagua. Lakini jambo moja ni wazi: wimbo ulikuwa uleule. Uliokuwa «mubaya» munamo mwaka 1970 ulikuwa «bora» munamo mwaka 1975. Kilichobadilika ni sauti, wakati, kampuni na radio zilizokuwa tayari kusikiliza. Kwa hiyo mutu akisema «kama wimbo ungekuwa muzuri, ungevuma», aonyeshwe mufano huu.

Si rangi ya ngozi tu

Lakini haifae kusema kila aliyesahauliwa alinyimwa kwa sababu ya rangi. Wako wazungu ambao wapenzi wa kantri wanawalilia mpaka leo.

Vern Gosdin aliitwa na watu «Sauti», basi. Alizaliwa Alabama munamo mwaka 1934, akaimba na ndugu yake kule California, kisha akaacha muziki na kufanya biashara ya vioo. Alirudia mu kantri akiwa ameshapita miaka 40, na muda murefu alikuwa anahama kutoka kampuni ndogo hadi kampuni ndogo ingine. Kampuni ikifungwa, mwimbaji anaanza upya. Wimbo wake «Chiseled in Stone», aliouandika pamoja na Max D. Barnes, unazungumuza juu ya mutu anayelalamika kuwa peke yake mpaka anakutana na muzee aliyefiwa. Ulipata tuzo la wimbo bora wa mwaka munamo mwaka 1989. Gosdin alikuwa na miaka 55. Alikufa munamo mwaka 2009. Kati ya waimbaji wenyewe jina lake ni kubwa. Inje, wengi hawamujui.

Gary Stewart ni kisa kingine. Munamo mwaka 1975 wimbo wake «She's Actin' Single (I'm Drinkin' Doubles)» ulifika nafasi ya 1, na albamu yake «Out of Hand» mpaka leo wapenzi wanaiweka kati ya zile bora za muziki wa manganda. Sauti yake ilikuwa inatetemeka sawa mutu anayetaka kulia. Lakini kwa radio za kantri alikuwa na kelele mingi, na kwa radio za rock alikuwa mutu wa kantri sana. Alianguka katikati. Tena pombe na madawa vilimukula. Alikufa mu mwezi wa 12 wa mwaka 2003, wiki chache tu kisha ya kifo cha muke wake.

Kwa Gosdin, tatizo kubwa lilikuwa makampuni. Kwa Stewart, ilikuwa rafu za radio na maisha yake mwenyewe. Mupenzi mwenye haki anapashwa kutofautisha. Si kila aliyesahauliwa alionewa, na si kila aliyeonewa alikuwa mwimbaji mukubwa.

Wanawake na saladi

Upande wa wanawake, historia ni ndefu. Munamo mwaka 1952, Kitty Wells, mama wa miaka 32, aliimba «It Wasn't God Who Made Honky Tonk Angels». Ulikuwa jibu kwa wimbo wa mwanaume mumoja aliyelaumu wanawake wa manganda. Wells alijibu kwamba wanaume njo wanaanzisha. Alikubali kuurekodi zaidi juu ya dola 125 za malipo ya studio. Radio ya NBC iliukataza. Lakini watu waliununua, na akawa mwanamuke wa kwanza kufika peke yake nafasi ya 1 ku orodha ya kantri ya Billboard.

Miaka 63 kisha, munamo mwaka 2015, mushauri mumoja wa radio za Marekani alishauri radio za kantri zipunguze nyimbo za wanawake, na zisiweke wanawake wawili wakifuatana. Alisema kantri ni sawa saladi: wanaume ni majani, wanawake ni tomati za kutupia juu. Waimbaji wanawake walikasirika, wengine wakavaa tomati ku nguo. Lakini mushauri yule alisema kwa sauti jambo ambalo radio nyingi zilikuwa zinafanya kimya. Kama radio inapiga mwanamuke mumoja kati ya nyimbo nyingi za wanaume, na orodha inahesabu radio, wanawake watakosa nafasi. Kisha watu watasema: munaona, wanawake hawapendwi. Ni duara.

Munamo mwezi wa 2 wa mwaka 2024, Beyoncé alitoa singo ya kantri, «Texas Hold 'Em». Musikilizaji mumoja wa Oklahoma aliomba radio ya kwao iupige; radio ikajibu kwamba yenyewe inapiga kantri tu. Jibu lilienea mu intaneti, watu wakapiga kelele, na radio ikaupiga. Beyoncé akawa mwanamuke mweusi wa kwanza kufika nafasi ya 1 ku orodha kubwa ya kantri ya Billboard. Mu albamu yake «Cowboy Carter» alimuita Linda Martell, na sauti ya muzee yule inasikika ndani. Martell, akiwa na miaka 83, aliandikwa kati ya waliopendekezwa kupata tuzo la Grammy. Watu walianza kutafuta albamu yake ya mwaka 1970.

Ni furaha, lakini tusidanganyike. Zilipita miaka 54 kati ya albamu ile na siku ulimwengu ulipoifungua tena. Na mulango ulifunguliwa na mutu mwenye jina kubwa, pamoja na musikilizaji mumoja asiyejulikana aliyeomba wimbo ku radio ya kwao.

Na huku kwetu?

Jambo hili halihusu Nashville peke yake. Munamo mwaka 1950, Hugh Tracey, aliyekuwa anazunguka Afrika na mashine ya kurekodi, alifika kwa Wakipsigis wa Kenya. Wasichana walimwimbia wimbo «Chemirocha». Jina hilo lilikuwa Jimmie Rodgers! Diski za mwimbaji yule wa Mississippi zilikuwa zimefika kule, watu wakamufanya kiumbe cha hadisi, nusu mutu nusu mnyama.

Miaka miwili kisha, munamo mwaka 1952, Hugh Tracey yuleyule alikuwa Jadotville, muji ambao leo unaitwa Likasi. Alisikia kijana anayepiga gitare kwa vidole, akamurekodi. Kijana alikuwa Jean-Bosco Mwenda, Mwenda wa Bayeke, na kati ya nyimbo zile kulikuwa «Masanga». Wapiga gitare wa Ulaya na Amerika wamejifunza wimbo huo kidole kwa kidole. Mwenda alikufa mu ajali ya barabara kule Zambia munamo mwaka 1990.

Ni swali la kujiuliza: vijana wangapi wa Likasi, Bukavu ao Kindu wanaweza kutambua «Masanga» ikipigwa? Na Tracey asingelipita barabara ile, tungelikuwa na nini? Mu kila muji wa mashariki wako waimbaji waliorekodi ku kaseti moja tu, wakaipeleka ku radio, kaseti ikaliwa na vumbi ao ikaungua mu vita. Hao ni akina Rufus Payne wetu.

Namna ya kubishana vizuri

Mutu akikuambia mwimbaji fulani alisahauliwa, muulize maswali mane. Kwanza: alirekodi nini, na tunaweza kusikia? Pili: kampuni ilimusukuma, ao ilimuacha? Tatu: radio zilimupiga? Kama hapana, zilitoa sababu gani? Ine: wakati wake, nani mwengine alikuwa anaimba muziki uleule na kuvuma, na tofauti yao ilikuwa nini? Kisha muchukue singo mbili, muzisikilize zote mpaka mwisho, upande wa B vilevile. Hapo maoni yanakuwa na miguu ya kusimamia.

Na mwenye kuwa na kaseti ya zamani nyumbani, ya mujomba aliyepigaka gitare ao ya koro ya parokia, asiitupe. Aandike juu yake jina la mwimbaji, muji na mwaka, kisha aipeleke ku radio iliyo karibu ili iwekwe mu kompyuta. Na akituma ombi la wimbo, aombe pia jina ambalo halijapigwa siku nyingi. Radio inapiga kile inachoombwa. Wimbo ambao hakuna mutu anauomba, hata mutangazaji anausahau.